Bi Mwanamvua na Majina Tisa Yaliyobaki

Marehemu Mwanamvua binti Mwinyimadi alizaliwa Kurui mwaka 1905, mwaka wa Majimaji. Wazee walisema alitoka tumboni akigomba, naye hakuwahi kukanusha.

Alisoma chuoni kwa baba yake, akahitimu Kurani akiwa na miaka kumi na miwili. Khati yake ya Kiarabu ilikuwa nzuri hata wanaume wakamwomba awaandikie barua za posa. Mwaka 1922 aliolewa na Mwishehe Kibwana wa Marui, mchuuzi wa sandarusi, ule utomvu wa miti, na Mwishehe ndiye aliyehama kumfuata. Walijaliwa mabinti wawili, Siwema na Mwanahalima.

Tarehe 4 Machi 1947 Siwema alishikwa na uchungu. Alibebwa kitandani kupelekwa Kisarawe, akafia njiani, mtoto alipona. Arobaini ilipokwisha, Bi Mwanamvua aliwakusanya wanawake wa Kurui wakaunda chama. Alikuwa amesikia kwamba Serikali ina fungu la kusaidia vyama vya wananchi. "Basi watujengee nyumba ya kuzalia," alisema. "Kodi mbona wanaijua njia ya kuifuata huku?"

Ombi la kwanza, la 1948, aliliandika kwa khati yake ile ile. Karani wa Boma akalirudisha: halisomeki. "Halisomeki na nani?" aliuliza. Lakini alikwenda Kibaha, kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi mkwewe Twalibu, mume wa Mwanahalima, akakaa miezi mitatu akijifunza herufi za Kizungu, bibi wa miaka arobaini na mitatu! La pili, la 1951, lilitakiwa liwe na sahihi ya mume. Mwishehe alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Bi Mwanamvua alimuuliza karani kama Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa Boma, angependa wakamfukue. La tatu alimpa mtu alipeleke, likachelewa siku mbili kwa sababu ya mafuriko, nalo likakataliwa. Tangu hapo hakutuma mtu tena, alikwenda mwenyewe kwa miguu.

Mwaka huu walidai majina mia moja ya watu wazima, kila jina na sahihi au dole gumba. Alizunguka na pumu yake, akipumzika kila penye kivuli, akapata tisini na moja. Agosti ikamlaza. Mwanahalima alimsihi aache. "Niache nini? Siwema hakuacha, alikatishwa. Nikifa watu watajaa hapa. Ole wenu waondoke na vidole visafi!"

Alifariki jana, Ijumaa, tarehe 13 Septemba 1957, adhuhuri.

Ameacha kaka yake Mfaume, bintiye Mwanahalima, mkwewe Twalibu, na wajukuu watano, akiwamo Mwamvita, mtoto wa Siwema, mwenye miaka kumi. Ameacha pia karatasi moja yenye mistari tisa mitupu. Jumatatu asubuhi akina mama wataipeleka Boma.

Mwenyezi Mungu amrehemu, ampe raha aliyoikataa duniani. Wino uko barazani, kwa Mwanahalima.