Munga Anarudi na Piano Yake

Leo kijiwe chetu cha Magongo hakikaliki. Munga anarudi! Munga huyu huyu aliyeanzia kinanda cha kanisani, akahamia hotelini, kisha meli za watalii. Miaka thelathini na nane anapiga piano na kuimba bluzi, zile nyimbo za huzuni za watu weusi wa Marekani. Juzi kampigia simu Mwinyihaji, muuza kahawa wetu: kazeeka, kazi basi, anarudi nyumbani. Mimi niko kikombe cha nne na siwezi kutulia.

— Wallahi, akiimba melini watu walilia, alisema Mwinyihaji. Wazungu wazima!

— Kulia tu? Boga, dereva wa tuktuk, alimkatiza. Nahodha alizima injini katikati ya bahari ili amsikize vizuri!

— Wachana na injini, buda! alidakia Musyoka, kuli mstaafu wa bandarini, mtu wa bara. Kulikuwa na manowari mbili zataka kupigana. Munga akagusa piano, wanajeshi wakaanza kudansi!

— Ulikuwepo? Boga aliuliza.

— Alinihadithia mwenyewe! Mimi ndiye beshte yake wa damu.

Boga akasimama.

— Wa damu wewe? Nani alimbebea vitabu vya nyimbo kanisani? Mimi na Munga ni tumbo moja, ila mama tofauti!

— Tulieni, Mwinyihaji akacheka. Simu kampigia nani? Watu wake ni mimi.

Nami nikaona nisiachwe nyuma.

— Siku anaondoka alinishika mkono, akanambia, kwako ndiko kwetu.

Uongo mtupu, lakini ulinitoka vizuri.

Hapo hapo pikapu ikasimama mbele yetu, nyuma imebeba piano na kitanda vilivyofungwa kamba. Tukaruka, tukapiga makofi, Boga akapiga mbinja. Dereva, kijana tusiyemjua, akatoa kichwa dirishani.

— Shikamooni, wazee. Hapa ndipo kwa watu wa Mzee Munga?

— Ndipo! tulijibu sote kwa mpigo.

— Alhamdulillahi. Sasa piano na kitanda chake nishushe kwa nani?

Boga akamtazama Musyoka. Musyoka akamtazama Mwinyihaji. Mwinyihaji akainama kuchochea makaa. Nikakifikiria chumba changu, na mlango wake mwembamba, na mke wangu, nikainua kikombe changu kitupu, nikanywa. Aibu ilinishika kweli.

Kwenye kiti cha mbele, kando ya dereva, Munga alikuwa ameshusha kioo. Alitutazama mmoja mmoja, akitabasamu, akingoja jibu.