Mwalimu Waliaula na Injini Iliyosifiwa

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Enos Waliaula anafunga sanduku lake la spana baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha ufundi wa injini za boti katika chuo chetu hapa Kisumu. Anayeandika haya ni jirani yake wa karakana ya kuchomelea, ambaye huziazima spana hizo na bado hajarudisha zote.

Alikuja kutoka Webuye mwaka 1998, mtu mpole ambaye hakuwa amewahi kupanda boti. Mwanzoni alifundisha kwa njia moja tu: alichora injini ubaoni, kila skrubu mahali pake, akageuka na kuuliza kama wameelewa. Darasa zima lilijibu ndiyo. Mtihani ukija, nusu yao wanaanguka. Mwalimu akadhani dawa ni kuchora picha kubwa zaidi.

Aliyemzindua ni Calvince, mwanafunzi mbishi kuliko wakili. Calvince hakushika lolote aliloambiwa, ila kosa la mtu hakulisahau. Basi mwalimu akaanza kukosea makusudi. Alisema petroli huingilia kwenye propela, na Calvince, kwa hasira, akamsahihisha mpaka kengele ikalia. Alifaulu vizuri sana, na hadi leo anaamini kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Waliaula.

Kisha akaja Beldina Akello, mama muuza samaki kutoka pande za Dunga, mwenye boti yake na aliyechoka kubembeleza mafundi. Alitaka cheti, maana kamati ya ufuo wao haimpi mtu nafasi ya kibanda cha ufundi bila hicho. Sikio alijaliwa: injini ikipita mbali ziwani, alijua inaumwa wapi. Lakini mchoro ukiwekwa mbele yake, aliuona kama sahani ya omena, visamaki vilivyorundikana tu. Akaanguka mara mbili. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Akianguka tena, jina lake linafutwa na kibanda anakisahau.

Jumamosi moja mwalimu alialikwa harusini Ahero. Huko akamwona Beldina akisimama kwenye pakruok, ile desturi ya Waluo ya kunyamazisha muziki ili mtu ajisifu na kuwasifu watu wake. Beldina alitaja jamaa ishirini na watatu, kila mmoja na sifa zake, bila kukwama. Mwalimu akasahau wali wake mezani. Mtu anayekumbuka jamaa ishirini na watatu atashindwaje na vifaa kumi na viwili vya injini?

Jumatatu injini ikawa ukoo, na kila mwanafunzi akatakiwa kusimama, ajisifu, kisha ausifu kama kwenye pakruok. Kabureta akawa mama wa jikoni, anayechanganya petroli na hewa kabla wageni hawajafika. Plagi akawa shemeji mkali, haingii nyumbani bila cheche. Tatizo lilikuwa mwalimu mwenyewe. Siku ya kwanza alisimama ajisifu, akataja jina lake, akaomba radhi, akaketi. Ikabidi wanafunzi wamfundishe.

Siku ya mtihani, mtahini alikuwa mgeni kutoka Nairobi. Injini ilikuwa ikinguruma ndani ya pipa la maji. Akamwuliza Beldina petroli hupitia wapi. Beldina akashika kiuno, akaamuru injini izimwe kwanza, maana sifa hazisemwi muziki ukipigwa. Sisi tuliokuwa dirishani tulifumba macho. Mtahini akatabasamu, akaandika kwamba mama huyu huzima injini kabla ya kuikaribia, akampa alama zote za usalama. Halafu akasikiliza ukoo mzima, kuanzia tangi hadi propela, na kabla hajaondoka, Beldina alikuwa amemsifu yeye pamoja na mama yake mzazi.

Matokeo yalisomwa kwenye paredi. Beldina alikuwa amefaulu. Vigelegele vilipoanza, Mwalimu Waliaula, ambaye mkutanoni huomba ruhusa hata ya kukohoa, aliinua mkono, akanyamazisha chuo kizima, akatamka kwa sauti ambayo hatukujua anayo: "Mimi Waliaula, mtoto wa Webuye, mwalimu wa Beldina!" Kisha akalia, nasi tukalia naye bila aibu.

Ahsante, Mwalimu, kwa kuwatafutia njia wale ambao sisi wengine tulikwisha kuwakatia tamaa. Tutakukosa sana. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na wajukuu wabishi. Na huko nyumbani, wakikuuliza wewe ni nani, wajibu kwa sauti ile ile.