Dawa Mbili za Fundi Naftali

Enzi za Mwingereza palikuwa na benchi moja mjini Singida, mbele ya duka la nguo kwenye njia ya kwenda Utemini. Nyuma ya benchi, kibarazani, Naftali alikanyaga cherehani yake mchana kutwa, na alasiri, upepo wa ziwa Singidani ulipoanza kuleta vumbi lenye ladha ya chumvi, Mselemu alikuja kutua birika lake la kahawa. Mselemu aliwahi kumpikia bwana shauri mmoja, basi watu wakamwita Gavana, kwa kuwa hakuna jambo la serikali asilolijua, hata lile ambalo serikali yenyewe haijalisikia. Leonidas aliitwa Keya, kama walivyoitwa askari wote wa jeshi la Mwingereza. Alirudi kutoka vita vya Burma na koti zito la jeshi ambalo hakulivua hata jua likipasua mawe. Naftali mwenyewe walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ukimya wake. Siku hiyo, kabla kikombe cha kwanza hakijamiminwa, Gavana aliikunjua kanzu yake mpya, aliyoishonesha kwa ajili ya kumwoza binti yake Ijumaa.

— Sindano! Hii nini?

— Kanzu yako, mzee.

— Kanzu naiona. Nauliza huu uzi!

— Uzi mweupe, mzee.

— Mweupe? Keya, hebu sogea. Uzi huu rangi gani?

Leonidas aliinama, akatazama shingoni, akatazama mikononi.

— Manjano, bwana. Manjano kama kiini cha yai.

Naftali aliipokea kanzu, akaisogeza karibu na macho. Kwake yeye nguo ilikuwa manjano na uzi ulikuwa manjano. Hata ndevu za Gavana zilikuwa manjano. Kwa siku nne alikuwa akitoa nyuzi kwa kukumbuka mahali zilipokaa sandukuni, na jana mkewe, Lea, alilipanga sanduku upya.

— Mnisamehe, alisema taratibu. Naona kila kitu manjano. Tangu Jumamosi.

Hasira za Gavana zilizima palepale. Aliiweka kanzu chini, akamimina kahawa, akampa Naftali kikombe cha kwanza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu benchi lile liwepo.

— Kunywa, mwanangu. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Kwa hiyo tukutafutie dawa upesi.

— Gavana, methali hiyo inasema kinyume, alisema Leonidas.

— Methali ni yangu, nimeianza mimi. Wewe unajua nini habari ya manjano?

— Mimi? Kule Burma tulimezeshwa vidonge vya malaria, kikosi kizima tukawa manjano! Ngozi, kucha, mpaka jasho. Mjapani alikuwa akituona anadhani ni ndugu zake.

— Nyie mlikuwa manjano nje. Huyu ana manjano ndani, machoni. Mambo mawili hayo.

— Basi ni lile bomu. Mnakumbuka bomu walilotupa Japani? Vumbi lake halijatua mpaka leo. Linazunguka dunia, likifika Singida linakuta upepo, linashuka.

— Likashuka kwa Sindano peke yake?

— Sindano ndiye anayekaa barazani!

Gavana alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto.

— Hilo ni la ziwani. Singidani lina mwenyewe, mwanamke, anavaa manjano. Akimpenda mtu, kwanza anamwonyesha rangi ya nguo yake. Siku ya saba anamwita. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu na macho wapi na wapi?

— Guu linavunjika kwa sababu haoni njia!

Naftali alitabasamu, lakini kahawa hakuinywa. Harufu yake ilimtia kichefuchefu, na leo haikuwa mara ya kwanza. Tangu wiki iliyopita ugali ulimkinaisha, na asubuhi alitapika nyuma ya nyumba akijibanza Lea asimsikie. Aliwasikiliza wazee wake wakibishana juu ya bomu na ziwa, na moyoni alikuwa na lake ambalo hawakulijua.

Lilianza wakati wa mvua. Siku moja akiwa anakanyaga cherehani, moyo ulipiga, ukapiga, ukanyamaza, kisha ukarudi kwa mbio kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Akaona giza. Antipasi, dresa wa hospitali, alikuwa amekaa hapohapo benchini. Alimshika mkono, akampeleka kwa daktari, na Naftali akarudi na vidonge vidogo vyeupe. Kimoja kila asubuhi. Antipasi alimwambia, "Rafiki yangu, nimekuombea mwenyewe kwa daktari. Usinitie aibu. Mizizi ya kienyeji usiguse."

Wiki ileile lori la Kinyangiri lilileta furushi kutoka kwa mama mkwe wake, Raheli, mganga wa mizizi, aliyekwisha kupata habari. Ndani mlikuwa na mzizi mchungu, uliochimbwa, ukakaushwa, ukapondwa. Lea alisema mama alitembea porini siku mbili kuutafuta, na miguu yake ile inayomwuma. Naftali angesemaje? Kwao Iramba mtu hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kuirudisha dawa yake. Katika miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kumwambia mama yule neno zaidi ya shikamoo na ndiyo mama. Akachemsha mzizi, akanywa kila jioni.

Asubuhi kidonge kwa heshima ya rafiki, jioni mzizi kwa heshima ya mkwe. Na moyo ukatulia! Miezi miwili akakanyaga cherehani kama kijana. Antipasi akajisifu, "Umeona vidonge?" Naftali akajibu ndiyo. Kinyangiri wakatuma salamu kuuliza kama mzizi umekubali. Akajibu ndiyo. Sasa dunia imegeuka manjano, na kila alipotaka kusema, alimwona mmoja wao amevunjika moyo kwa ajili yake.

— Shikamoo, mama!

Ilikuwa sauti ya Leonidas. Naftali aliinua macho, akasimama kwa ghafla hata akaushika ukuta. Lori la Kinyangiri lilikuwa limefika, na Raheli mwenyewe alikuwa anavuka njia, kapu kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa anakwenda kwa bintiye, ila hakuweza kupita bila kumjulia hali mkwewe.

— Marahaba, wanangu. Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

— Shikamoo, mama, alisema Naftali akitazama chini.

— Marahaba, baba. Mbona umekonda hivyo?

Naftali alizidi kuinama. Gavana, ambaye hawezi kuona pengo asilizibe, akaeleza: macho, manjano, kanzu, bomu, bibi wa ziwani. Wakati anaeleza, Antipasi naye akatokea, katoka kazini, kofia mkononi, akasimama kusikiliza.

Raheli alitua kapu. Hakuuliza habari ya bomu.

— Mbali na mzizi wangu, anakunywa nini?

Antipasi ndiye aliyelisikia neno kwanza.

— Mzizi gani, mama?

— Niliomtumia, wa moyo. Mbona unauliza?

— Kwa sababu moyo wake mimi ndiye ninayeutibu. Kwa vidonge.

— Vidonge gani?

Wote wawili, dresa na mama, wakamgeukia Naftali. Gavana alikuwa ameinua birika, lilibaki hewani. Naftali alitamani ardhi ipasuke. Moyo ulipiga polepole, polepole mno, kama mzee anayepanda mlima.

— Vyote viwili, alisema. Asubuhi chako, Antipasi. Jioni cha mama.

— Tangu lini?

— Tangu mwanzo.

Antipasi aliiweka kofia benchini. Alimkalisha, akamshika kifundo cha mkono, akaitazama saa yake.

— Thelathini na nane, alisema. Thelathini na nane tu, kwa dakika nzima! Naftali, unataka kuniua?

— Anayekufa ni yeye, alisema Raheli. Usimfokee. Keti wewe baba, usisimame tena.

Akachuchumaa mbele ya mkwewe, karibu kuliko alivyopata kumkaribia, na akasema na Antipasi bila kugeuka.

— Mti ule ni ndugu yake mti wa sumu ya mishale. Wazee wetu walimwangusha pofu, yule mnyama wa porini mkubwa kama ng'ombe, kwa sumu ile. Inashika moyo. Kidogo inautuliza, ikizidi inausimamisha. Ndiyo maana napima mwenyewe, kwa ukucha, na huyu nilimtumia tu kwa lori. Hivyo vidonge vyenu vinafanyaje?

Antipasi aliuachia mkono wa Naftali.

— Hivyohivyo, mama. Vimetoka kwenye jani la Ulaya. Kidogo vinatuliza. Vikizidi… daktari alitufundisha, mgonjwa akitapika, akiona manjano, acheni mara moja. Nimekaa naye benchi moja siku nne! Sikumwuliza.

— Na mimi sikuuliza. Mpelekeni.

Leonidas alikuwa ameshaleta baisikeli. Siku ile alilivua lile koti la Burma, akalikunja, akaliweka kwenye keria ili Naftali akae vizuri. Antipasi alishika usukani, Leonidas akamshika mgonjwa kiunoni, Gavana akafuata nyuma na birika mkononi, amesahau kwamba amelibeba. Raheli alikwenda kumwita Lea.

Daktari hakumpa dawa yoyote. Alimlaza, akaamuru asiinuke hata kujinyoosha. Usiku wa pili moyo ulishuka zaidi, na Lea, aliyekaa sakafuni kando ya kitanda, aliweka kiganja kifuani mwa mumewe akahesabu kila pigo, akiogopa kwamba akikoma kuhesabu na moyo nao utakoma. Siku ya tatu Naftali alikunywa uji, ukakaa. Siku ya sita aliamka akatazama shuka alilofunikwa.

— Lea, shuka hili ni jeupe?

— Jeupe.

Akajifunika uso nalo, akalia. Lea akamwacha alie.

Siku ya kumi alirudi barazani, akitembea pole kama mgeni. Gavana alikuwa ameshamwoza binti kwa kanzu ya kuazima na hakutaka tena kuisikia habari hiyo. Naftali akawekwa katikati ya benchi. Moyo ulikuwa umerudia tabia yake ya zamani: unapiga, unaruka pigo, unapiga. Haukuwa wa kutisha, ila haukuwa mzima.

— Mimi nilisema tangu mwanzo ni vidonge, alisema Leonidas. Burma si nilieleza?

— Ulieleza bomu!

— Bomu lilikuwa la mfano.

— Na bibi wa ziwani je? Siku ya saba si ndiyo aliyoanza kupona? Amemwacha. Amemwona ana mke mkali.

Walikuwa bado wanabishana Raheli alipokuja na kapu lake kungoja lori la kurudi Kinyangiri. Antipasi alimpisha kwenye benchi, na Gavana akampa kahawa. Alikunywa fundo moja, akauliza kama anayeuliza bei ya chumvi:

— Ile miezi miwili aliyokuwa mzima, dawa iliyomshika moyo ilikuwa ipi?

Gavana alifumbua mdomo. Leonidas akaunyoosha mkono, akaurudisha. Gavana akaufumba mdomo.

Antipasi alikuwa mtu wa hospitali, na siku zote hospitali ina jibu. Alikizungusha kikombe mkononi.

— Sijui, mama. Labda vidonge. Labda mzizi. Labda kidogo cha hiki na kidogo cha kile. Sijui.

— Hata mimi sijui, alisema Raheli. Nimetibu moyo tangu sijaota mvi, na huu siujui.

Walikaa hivyo, mganga na dresa, kila mmoja na kikombe chake, wakimtazama mtu mmoja mwembamba.

— Lakini lazima anywe kitu, alisema Antipasi. Kimoja tu. Daktari amekubali aanze tena vidonge, nusu nusu, akipimwa kila Jumatatu. Au aendelee na wako, mama, mimi nitakuja kumhesabu mapigo hapahapa. Sitakasirika.

— Basi mwulizeni mwenyewe.

Naftali aliposikia hivyo alitazama vidole vyake. Alijua anachokitaka. Kinyangiri ni mbali; mzizi hupimwa kwa ukucha wa mama, na mama hayupo kila jioni, lakini Antipasi yupo. Lilikuwa jambo jepesi kulifikiri, na kulitamka lilikuwa kama kunyanyua jiwe la kusagia. Aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alimtazama mama mkwe wake machoni, akaona kwamba ni macho ya Lea, yamezeeka tu.

— Mama, nakushukuru kwa mzizi. Ulitembea siku mbili kwa ajili yangu. Lakini sitaunywa tena. Nitakunywa vidonge.

Lori lilipiga honi huko mbele ya soko. Raheli hakuinuka. Alimkazia macho mkwewe kwa muda mrefu hata Gavana akaanza kutafuta methali ya kusaidia.

— Kumbe unasema! alisema Raheli. Miaka kumi na moja nalala nikiwaza, mwanangu ameolewa na bubu.

Akaanza kucheka yeye kwanza, kicheko kikubwa kisicholingana na mwili wake, akamshika Naftali bega kusudi apate kusimama. Naftali aliinuka naye, akalibeba kapu, akamsindikiza mpaka kwenye lori. Na njia nzima, wale waliobaki benchini waliwaona wanazungumza.