Maalim Hirsi na Sahihi Tisa

Assalaamu alaikum, wasikilizaji wapendwa. Mlioko Garissa mjini, mlioko Wajir na Mandera, na nyinyi mnaosikiliza mkiwa na mifugo malishoni, ahsanteni kwa kufungua redio. Mimi ni Ikran Bishar. Leo namkumbuka Maalim Hirsi Ogle. Alifariki Jumatatu kule Kutulo, kwa homa, akiwa na miaka arubaini na sita. Alizikwa Kutulo siku hiyo hiyo.

Jana nilikwenda kumpa pole mjane wake, Mama Arbia, aliyefikia kwa kaka yake hapa Garissa. Akaniambia: "Ikran, ukisema sifa peke yake, mimi nazima redio. Sema na ile ingine."

Basi nitasema na ile nyingine.

Mwaka 1996, miaka kumi iliyopita, Maalim Hirsi alifundisha Kiswahili katika chuo kidogo cha ualimu nje ya mji huu. Chuo hicho sasa kimefungwa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Muhula wa pili alituambia tutafanya msimu wa maigizo: michezo mitatu, Jumamosi tatu mfululizo, saa kumi alasiri, katika ukumbi wa kulia chakula. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa kale, wa ng'ambo, kuhusu mfalme asiyesikia la mtu. Miwili tungeitunga wenyewe.

Tulikuwa waigizaji tisa. Wasichana tulikuwa wawili tu.

Baba yangu anauza ng'ombe sokoni. Aliposikia binti yake anasimama jukwaani na wanaume, alikuja chuoni kunitoa. Alimwambia Maalim mbele yangu: "Mimi nilileta msichana kwa masomo. Sikuleta kwa mchezo." Maalim Hirsi hakubishana naye. Alikwenda nyumbani kwetu baada ya swala ya Alasiri, akakaa mkekani na baba. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu akarudi tena. Siku hiyo alisema: "Bishar, mimi pia nina mabinti. Ikran atavaa hijabu yake, na mimi nitakaa kiti cha mbele kila siku. Akivunjiwa heshima, nipeleke mimi kwa wazee." Baba akakubali. Nilibaki chuoni kwa sababu ya Maalim Hirsi. Nataka mlikumbuke hilo.

Mchezo wa kale ulipendwa. Wazazi walicheka sana mfalme alipokalia kigoda cha kukamulia ng'ombe. Jumamosi ya pili ikawa zamu ya mchezo wangu. Niliuandika mimi. Ulihusu mama anayepanga foleni ya mahindi ya msaada wakati wa ukame, na mkubwa mmoja anayewapa jamaa zake kwanza. Kwenye matangazo Maalim aliandika "Umetungwa na wanachuo." Nilinuna, nilitaka jina langu lionekane. Akaniambia: "Jina lako litaonekana baadaye. Kukiwa na lawama, isikukute peke yako."

Lawama ilikuja. Kati ya wageni siku hiyo alikuwepo mkubwa mmoja aliyewahi kugawa mahindi. Aliinuka katikati ya mchezo akatoka, na watu wake wakamfuata.

Jumatatu asubuhi tuliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo, wote tisa. Tulipewa karatasi moja. Ilisema mchezo ule umeandikwa na Hirsi Ogle, na kwamba alitulazimisha kuuigiza. Tuliambiwa asiyetia sahihi hatafanya mtihani wa mwisho. Tuliambiwa pia Maalim ataonywa tu, halafu yaishe.

Niliisoma karatasi ile. Sitasema sikuisoma. Ilikuwa na mistari sita, na nilijua kila mstari ni uongo. Nikaona wawili wamekwisha kutia sahihi. Jina langu likawa la tatu, na wengine sita wakafuata.

Saa sita mchana walimwita yeye. Sisi tulikuwa nje, chini ya dirisha, tunasikia. Mkuu akamuuliza: "Hii ni kweli?" Tukasikia akiichukua karatasi. Nadhani alikuwa anasoma majina. Kisha akasema: "Kama wamesema wao, andika hivyo."

Angeweza kusema neno moja tu, jina langu: Ikran. Ningefukuzwa mimi. Hakulisema.

Alifukuzwa wiki ile ile. Mchezo wa tatu haukuchezwa. Alipita uani amebeba vitabu vyake kwenye gunia, na sisi tukaingia darasani ili asituone.

Jana nilimuuliza Mama Arbia alisema nini alipofika nyumbani. Akajibu: "Hakuuliza nani aliandika karatasi. Aliuliza kitu moja tu. Watoto tisa, kwa nini hata mmoja hakukuja kuniambia kwanza?"

Walirudi kwao Kutulo. Akapata kazi katika shule ya msingi.

Mimi nilipita mtihani. Mwaka jana nikapata kazi hapa redioni. Mwezi wa tano mwaka huu nilimwona nje ya duka la vitabu hapa Garissa, amekonda, ndevu zimeingia mvi. Nikamsalimia.

"Ikran," akasema. "Nakusikia redioni. Unameza mwisho wa sentensi."

Nikasema, "Maalim, ile karatasi..."

"Sio hapa," akasema.

Nikamuuliza kama ana kikundi cha maigizo kule Kutulo.

"Nafundisha hesabu," akasema. Akachukua mzigo wake wa vitabu akaenda kutafuta gari. Nilijiambia nitamfuata Kutulo, tuongee vizuri. Ikapita miezi. Jumatatu akafariki.

Wasikilizaji wapendwa, mchezo ule wa foleni ya mahindi niliuandika mimi, Ikran Bishar. Maalim Hirsi Ogle hakuuandika. Hakumlazimisha mtu yeyote. Alisingiziwa, na tuliomsingizia ni sisi aliotulea.

Kwa Mama Arbia, kwa mabinti zake Lul na Kaaha, na kwa ukoo wote wa Ogle, nawapa pole. Mungu amrehemu na ampe kauli thabiti. Amina.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu uliyemwacha abebe kosa lako, na bado yuko hai, usingoje siku ya kumkuta barabarani. Nenda kwake leo.

Wenzangu wanane, mnajijua. Sitawataja. Mama Arbia yuko kwa kaka yake Nunow, mtaa wa Galbet, mpaka Jumamosi. Mimi jana nilikaa naye saa mbili. Nilipoaga hakunipa mkono. Kesho nitarudi.