Baba Huruma Anapanda Chilangala

Imeandikwa na Mwanaheri Chilumba, dawati la kuazima

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2014, ndugu yetu Dunstan Namalowe anakabidhi funguo baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Vitabu hapa Masasi kwa miaka thelathini na sita. Aliingia mwaka 1978 akiwa kijana mwembamba wa kubeba makasha. Anaondoka akiwa mkuu wa vitabu vya kidijitali, na wembamba wake ni ule ule. Korosho zote alizotafuna mezani kwake zilikwenda wapi, hatujui.

Kazi ya kuandika habari zake nimepewa mimi kwa sababu yeye ni Mmakua na mimi ni Myao, na mtani hapewi kalamu akaambiwa anyamaze. Basi msinilaumu.

Wafanyakazi waliokuja karibuni wanamjua Dunstan wa kompyuta. Dunstan wa kwanza alikuwa wa gari. Kituo kilikuwa na Land Rover ya kijani yenye rafu ubavuni, na kila Alhamisi ilitoka Masasi, ikasimama Chiungutwa, ikapanda uwanda wa juu hadi Newala na kumalizia Chilangala. Wenye kadi waliazima, wasio na kadi walitazama. Watoto walipapasa majalada kwa vidole vyenye maji ya mabibo, na Dunstan hakumfukuza hata mmoja. Alifuta tu.

Chilangala ndiko alikokupenda kuliko kote. Watu wa kule hawakurudisha kitabu kimyakimya. Walikirudisha na maneno. Mzee mmoja aliwahi kurudisha hadithi amekasirika kwelikweli, kwa kuwa kijana wa kwenye kitabu ameoa bila kutuma mshenga, na akataka Dunstan apeleke malalamiko kwa mwandishi. Na kulikuwa na msichana aitwaye Agatha, ambaye alimaliza vitabu vinene kwa juma moja mpaka Dunstan akaanza kumtega kwa maswali ya katikati ya kitabu. Agatha aliyajibu yote. Mitego ikageuka posa, posa ikawa ndoa ya kanisani, na mtoto wao wa kwanza ndiye Huruma.

Kisha likaja soko huria. Malori ya wanunuzi binafsi wa korosho yalipanda Newala, maduka yakajaa redio, mitumba na baiskeli mpya, na mwaka 1992 ruzuku ya kituo ikakatwa. Bodi ililiuza gari kwa mfanyabiashara wa mbao. Katika hekaheka ile hakuna aliyetumwa kwenda kuwaambia wasomaji. Baadaye tulisikia kwamba Chilangala watu waliendelea kukaa pale gari lilipokuwa likisimama, Alhamisi baada ya Alhamisi, vitabu vya kurudisha vikiwa mapajani.

Wengine tuliumia tukasahau. Dunstan hakuweza kusahau, maana Chilangala kwake ni ukweni. Alipopanda kusalimia, kabla hajapewa hata maji ya kunywa, aliulizwa: "Baba Huruma, gari linakuja lini?" Akajibu, "Litakuja tu." Krismasi iliyofuata aliulizwa tena, akajibu vile vile. Mkwe kuwadanganya wakwe zake mwaka hata mwaka si jambo jepesi. Mwishowe akawa anamtanguliza Agatha na watoto, yeye anabaki Masasi na visingizio. Lakini aliwatamani watu wale, na hakuficha. Ikipita Land Rover barabarani aliacha alichokuwa akifanya, akainua kichwa mpaka mlio upotee. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba kabla ya kustaafu anataka jambo moja tu: Chilangala waazime tena vitabu.

Miaka iliyofuata alifanya kila kazi iliyotuingizia senti ya mshahara. Aliuza madaftari, alitoa kopi, alipiga chapa barua za watu za kuomba kazi. Kompyuta ya kwanza ilipofika aliifunika kwa kitambaa cha kufuma mithili ya redio ya harusi, na kwa muda hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, umri ambao wengi wetu tunaanza kuulizana habari za magoti. Yeye alikwenda Mtwara kusoma namna ya kuandika programu.

Matunda yake mnayajua. Alichukua programu ya kusomea vitabu ambayo wenyewe walikuwa wameitoa bure kwa yeyote, akaitia Kiswahili, akaipunguza uzito hadi ikafunguka kwenye simu za bei ndogo. Tulipiga makofi. Yeye hakupiga. Programu ile ilifungua kitabu kilichokwisha kuwemo ndani ya simu tu, kwa hiyo aliyetaka kitabu kipya ilimlazimu ashuke Masasi na simu yake, ajaziwe, apande tena. Tuliwaona wakifika kutoka Newala na vumbi hadi kwenye nyusi, nauli imetoka, kisa hadithi moja. "Zamani niliwafuata," alisema, "sasa wananifuata wao. Haya si maendeleo." Akarudi mezani.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa kuipa programu ile orodha ya vitabu mtandaoni. Leo ukiifungua simu, programu inaiuliza kompyuta ya hapa kituoni ina nini, na rafu zinakuja moja moja: hadithi, kilimo, dini, masomo ya shule. Unapitia majalada, unafungua upendalo, unasoma maelezo yake, na ukikitaka kinashuka simuni. Sisi wengine tulitaka mtu aandike jina na neno la siri mlangoni kabla ya kuona chochote. Dunstan alikataa katakata. Alituuliza ni nani angelisogelea lile gari kama angedaiwa jina kabla ya kuona jalada. Ndiyo maana mpaka leo kutazama rafu zetu hakuhitaji kujitambulisha. Jina huulizwa wakati wa kuazima.

Hapo kwenye kuazima hakukuwa na ujanja. Wachapishaji walitupa vitabu vyao kwa sharti kwamba kila anayechukua ajulikane. Kitabu kikitoka kwa jina la mtu mwingine, wanaviondoa vyote. Dunstan akaweka majina na maneno ya siri. Watu wakayasahau maneno ya siri, kama ilivyotarajiwa. Ikabidi programu iwe na swali la kumtambua msahaulifu, na hapa, ndugu wasomaji, ndipo mtani wangu alipoteleza.

Huku kwetu mtu akitoka jandoni au unyagoni hupewa jina jipya, na kumwita kwa lile la zamani ni tusi. Dunstan akawaza: jina ambalo hakuna anayelitamka ndiyo siri bora kuliko zote. Akaiandika programu iulize, "Kabla ya jando au unyago uliitwa nani?" Tukamsifu. Hakuna aliyekumbuka kwamba jina lile, ingawa halitamkwi, kila mliyecheza naye ngoma analijua. Haikuchukua muda vijana wa Newala wakawa wanafunguliana akaunti wapendavyo. Mwalimu Fortunatus, kapera asiye hata na mchumba, aliazimiwa na wenzake wa rika vitabu vitatu vya kulea mapacha.

Wazee nao wakachukia. Mzee Bwanali alishuka kutoka Newala na kanzu yake ya Ijumaa, simu kaishika mbali na mwili. Dunstan akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Bwanali akaitikia marahaba bila kukaa, akaiweka simu mezani na kusema, "Hii imenitukana." Juma lile lile mchapishaji mmoja alipiga simu kutuambia kwamba ya mapacha yamemfikia, na kwamba mchezo ukiendelea anachukua vitabu vyake. Nilimwona Dunstan akikaa mbele ya kompyuta bila kugusa kitu. Ndoto yake yote ilikuwa imening'inia kwenye swali moja alilolitunga mwenyewe.

Alilifuta siku hiyo hiyo. Badala yake akaleta utaratibu wa wadhamini. Kijiji kikipata msomaji wa kwanza, huchaguliwa mtu mmoja anayeheshimika. Ukitaka kujiandikisha, au ukisahau neno la siri, unakwenda kwake, anakutazama usoni, kisha anatuambia kwa simu yake kwamba ni wewe. Wachapishaji wakaridhika. Mdhamini wa Newala ni Mzee Bwanali, na ni mkali huyo, msimjaribu.

Tangu hapo wasomaji wameongezeka kutoka Newala, Chiungutwa na hata Lukuledi. Chilangala hapakutokea mtu. Mnara wa simu upo, simu zipo, matangazo tulipeleka. Kila asubuhi Dunstan alipita dawatini kwetu akamuuliza mwenzangu Mwanasha, anayeandikisha wasomaji, "Chilangala?" Naye Mwanasha akajibu, "Bado, Baba Huruma." Sidhani watu wa kule walikuwa na kinyongo. Walingoja mno wakachoka, wakaacha hata kuchungulia. Na sisi tulichoka kulisema lile neno "bado," maana tuliona linavyomshukia.

Kamati ya kuaga ilipomuuliza angependa zawadi gani, ilikuwa imejiandaa kwa mabati au seti ya makochi. Yeye aliomba tumvue madaraka yote kwenye programu, tumwandikishe msomaji wa kawaida, na kwenye kijiji tuandike Chilangala. Ndipo tulipojua kwamba hawabaki mjini. Nyumba imekwisha, ina tangi la maji ya mvua, imesimama kwenye mikorosho ya kina Agatha, na Agatha mwenyewe alikuwa ameshatangulia kuifagia. Mmakua amekubali kuhamia ukweni uzeeni. Nimelicheka hilo mwezi mzima, na nalicheka kwa sababu nikiacha kulicheka nitalia.

Jumanne Mwanasha akakaa kumwandikisha. Programu ikakataa. Chilangala haina mdhamini. Dunstan, aliyeiandika sheria hiyo kwa mkono wake, hakuomba aruhusiwe kupita. Alisimama upande wa wateja, kofia mkononi, akangoja. Tukampigia simu Agatha kumwomba awe mdhamini wa kijiji, akakubali. Kisha Mwanasha, kwa sauti ya kazi kabisa, akamuuliza kama anamtambua mwombaji aitwaye Dunstan Namalowe. Halafu sauti ya Mama Huruma ikajaa ofisi nzima: "Huyo namjua. Mpeni vitabu. Ila akichelewesha, msinifuate mimi."

Tukacheka wote. Neno Chilangala likaingia kwenye orodha yetu ya wasomaji kwa mara ya kwanza tangu gari liuzwe. Dunstan alilitazama, akavua miwani, akatoka nje. Hatukumfuata.

Baba Huruma, kituo kinakushukuru, na wale uliowafutia majalada wanakushukuru pia ingawa hawapo hapa kusema. Nenda salama. Mvua zijaze tangi lenu, mikorosho izae, na Mungu awape wewe na Mama Huruma uzee wa pamoja, mrefu na wa amani. Jumatatu dawati litafunguliwa saa mbili kama kawaida, nasi tutakaa tukiitazama ile orodha, tuone kama chini ya jina lako limeongezeka la pili la Chilangala.