Aliyeitwa Kibondo Hakuwa Mimi

Bwana asifiwe, watu wa Rungwe Mpya! Na ninyi kwaya ya Busunzu mliokuja na vumbi la njia nzima kwenye nywele, Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia. Mchungaji amenipa dakika kumi, na wanaonijua wanajua kwamba dakika kumi kwangu ni salamu tu. Mnivumilie.

Naitwa Adelina. Wengi mnanijua kama mtoto wa yule mama mkimya anayekaa benchi la tatu, karibu na dirisha. Huo ukimya wake ndio ushuhuda wangu, na nitaueleza.

Vijana wananisimamisha njiani siku hizi. "Dada Ade, hizi kazi za kuomba kwenye mtandao zipo kweli, au ni za wenye wajomba ofisini?" Nitawajibu leo mbele ya wote, ili nisiulizwe tena kisimani.

Mwaka 2012 nilimaliza diploma yangu ya maendeleo ya jamii. Baba alikuwa ameshatangulia mbele za haki, na mama ndiye aliyenisomesha kwa jembe la mkono. Nikarudi nyumbani na cheti kwenye bahasha ya plastiki. Ndugu zangu, nilidhani kazi inanisubiri stendi ya Kasulu imeshika bango lenye jina langu! Nilishuka, nikatazama huku na huku, nikaona wauza ndizi tu.

Kasulu mjini kuna duka la steshenari la Mzee Hemedi. Ni mtu wa Ujiji, Mwislamu wa swala tano, kofia haimtoki kichwani. Ana kompyuta mbili na modemu moja ambayo wingu likitanda tu inalala. Yeye ndiye aliyenifungulia barua pepe na kunifundisha kutuma maombi. Kila Alhamisi nilikuwa kwenye benchi lake. Natafuta tangazo, naandika barua, naambatanisha CV, natuma, narudi nyumbani kusubiri. Mwaka ukaisha hivyo.

Sasa nisikilizeni hapa. Kwenye CV kuna mstari wa lugha, na kwenye mstari huo ndipo shetani alipokaa akanywa chai.

Mama yangu alizaliwa Burundi. Aliingia nchi hii akiwa msichana mdogo, akaolewa na baba, Muha wa hapa hapa, na karatasi zake za uraia anazo. Nyumbani tuliongea Kirundi. Kabla sijaanza darasa la kwanza alishanifundisha kukisoma, kwenye kitabu chake cha nyimbo, kidole chake kikitembea chini ya kila neno. Lakini mnakumbuka ile miaka, hasa 2013, maneno ya wahamiaji yalivyokuwa mengi, watu wanaulizwa karatasi hadi sokoni. Niliogopa. Tena si woga peke yake, nisiwadanganye. Niliona aibu. Nilitaka nionekane msichana wa mjini ambaye hana kwao.

Basi kwenye mstari wa lugha nikaandika Kiswahili na Kiingereza. Kiha chenyewe nilikiacha, nikakiona ni ushamba! Halafu mtu akaniambia mashirika yanayohudumia Wakongomani kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu yanapenda wajuao Kifaransa. Nikaongeza: Kifaransa, vizuri sana. Ndugu zangu, Kifaransa changu chote kilikuwa "bonjour", "merci" na "pardon", nilivyookota sokoni kwa Wakongo.

Laiti ningeishia kwenye karatasi. Mama alikuwa akiomba kanisani kwa sauti, na akizama kwenye maombi ulimi wake unarudi kwenye Kirundi. Jumapili moja nilikaa naye, nyuma yetu kuna wageni kutoka wilayani. Mama akaanza. Mimi nikanyoosha mkono nikamgusa goti. Akanyamaza, akahamia Kiswahili, na Kiswahili kikamkwama. Jumapili iliyofuata nikamgusa tena. Baada ya hapo sikuhitaji kumgusa. Midomo tu ndiyo ilikuwa ikicheza. Na alichokuwa anaomba, enyi watu wa Mungu, ni mimi nipate kazi! Nilimziba mdomo mtu aliyekuwa ananiombea.

Mwaka 2014 Mzee Hemedi akanipigia simu. "Binti, wamejibu! Unaitwa usaili Kibondo." Nilipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Mama akafunga siku mbili. Nikapanda basi na blauzi iliyopigwa pasi, nimeifunika kwa kanga isipate vumbi.

Walikuwa watatu mezani. Mmoja alikuwa bwana wa Kikongomani, mpole kabisa. Akaishika CV yangu, akatabasamu, akaniuliza jambo kwa Kifaransa. Nikasema, "Bonjour." Akaniuliza tena, polepole zaidi, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Nikasema, "Bonjour." Mara ya tatu nikabadilisha, nikasema, "Merci." Kijana wa pembeni akainama chini ya meza kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Chekeni tu, nami sasa nacheka. Siku ile nilitamani sakafu ipasuke.

Mezani kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tuachane na Kifaransa. Nyumbani na mama yako mnaongea lugha gani?" Nikajibu, "Kiswahili." "Mama hana lugha nyingine?" "Hana." Jogoo hakuwika Kibondo siku ile, maana ilikuwa saa tano mchana, lakini mimi nilimsikia, kama yule mwanafunzi aliyemkana Bwana wake.

Kwenye basi la kurudi nilielewa kitu kimoja. Aliyeitwa Kibondo hakuwa mimi. Aliitwa yule msichana wa kwenye karatasi, mjuzi wa Kifaransa, asiye na kwao wala lugha ya mama. Mimi nilikwenda kumkalia kiti chake, wakaniona siye.

Mama alikuwa ananisubiri barabarani. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Wamekupokea vizuri?" Tulikuwa wawili tu njiani, ndugu zangu, hakuna mtu wa kutusikia, na mama yangu aliniuliza kwa Kiswahili. Nikamwambia watapiga simu. Nilijua hawatapiga.

Ukafuata mwaka mchungu. Nilituma maombi mengine mengi. Wachache walijibu kwamba wanasikitika, wengi hawakusikitika hata kidogo, walinyamaza tu. Wengine walitaka nitume kwanza hela ya fomu, Mzee Hemedi akacheka: "Kazi inayoanza kwa kukulipisha wewe, hiyo ni kazi yao, si yako." Niliacha kwaya. Nilimwambia Mchungaji, naye yuko hapa ni shahidi, kwamba Mungu amelisahau jina langu. Kumbe jina langu nililisahau mimi!

Mwaka huu wa 2015, ndugu zetu walipoanza kuvuka tena kutoka Burundi, matangazo yakaanza kutoka. Alhamisi moja Mzee Hemedi akanisomea kwenye kompyuta: shirika linatafuta wahamasishaji jamii, kituo Kibondo, wajue Kiswahili na Kirundi, kuongea, kusoma na kuandika.

Nikasema, "Mzee, Kirundi sikijui."

Akavua miwani. "Adelina. Miaka mitatu unakaa kwenye benchi langu, na ule wa kwanza ulikuwa ukiongea na mama yako kwenye simu umejifunika kanga. Unadhani mimi kiziwi?" Akaifuta ile miwani. "Babu yangu mimi alivuka ziwa kutoka Manyema, huko Kongo. Mimi Mtanzania, na sijawahi kumficha babu yangu. Hapa Kasulu nani hajavuka kitu? Mto, ziwa, mlima. Mwanangu, mtu hayakani maziwa aliyonyonya."

Msigune huko nyuma! Ndiyo, mtu wa msikitini. Mungu akitaka kukutoa shimoni haulizi kamba imetoka duka gani. Nililia pale dukani, mbele ya baba mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Maskini, akaondoka bila kopi.

Mzee Hemedi akataka tuandike barua pale pale. Nikakataa. Nilimwambia kuna mtu nahitaji kumwona kwanza.

Nilimkuta mama shambani anapalilia maharage. Nikapiga magoti kwenye udongo nikamwambia kwa Kirundi, "Mama, umbabarire," yaani unisamehe. Nikamweleza yote: mstari wa lugha, yule mama wa Kibondo, nilivyosema hana lugha nyingine. Goti nilimkumbusha pia. Mama alilaza jembe lake chini. Kisha akanijibu kwa Kirundi, "Inuka, unachafua sketi ya ofisini."

Ndugu zangu, sikuwa na ofisi! Sketi yenyewe ya mtumba wa mnadani. Lakini mama alishaiita ya ofisini tangu siku aliyoninunulia, na miaka mitatu hakuibadilisha jina. Hapo ndipo nilipofunguliwa. Sikuanguka, sikupiga kelele, nilikumbatia miguu yake yenye udongo nikawa huru.

Jioni ile akafungua sanduku. Kitabu cha nyimbo kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kwenye kitenge. Alikuwa amekificha kwa ajili yangu, asiniaibishe. Tukasoma. Ulimi wangu ulikuwa umepata kutu, na mama hakunionea huruma hata kidogo, kila kosa alinirudisha mwanzo wa mstari. Siku tatu mfululizo aliniandikisha mistari yake kama mtoto wa darasa la kwanza.

Alhamisi nikarudi dukani. Tukafuta Kifaransa. Tukaandika Kiswahili, Kiingereza, Kiha, na Kirundi: kuongea, kusoma, kuandika. Katikati ya kujaza fomu umeme ukakatika, fomu yote ikapotea. Nikangoja mpaka alasiri, nikaijaza upya. Mzee Hemedi akasogeza kiti chake nyuma. "Bonyeza mwenyewe. Safari hii unajituma wewe." Nikabonyeza.

Baada ya wiki mbili nikaitwa Kibondo. Naingia mlangoni, nani yuko mezani? Yule mama wa miwani! Akanitazama, akatazama karatasi. "Wewe si yule wa Bonjour?"

Shetani akaniambia kataa. Nikasema, "Ndiye mimi, mama. Siku ile nilidanganya Kifaransa, na nikamkana mama yangu humu humu ndani. Nimekuja na lugha yake." Hakutabasamu. Akanipa karatasi ya Kiswahili kuhusu maji safi na kunawa mikono, akasema niiandike yote kwa Kirundi.

Tulikuwa wengi chumbani. Mtasema Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na kweli, vijana wenzangu Waha walikuwa wanakiongea vizuri. Lakini kwenye kuandika kalamu zilisimama. Mimi nilikuwa nakiona kidole cha mama kikitembea chini ya kila neno. Nikaandika hadi mstari wa mwisho.

Ndugu zangu, nilipata kazi! Huu ni mwezi wa pili niko kambini, nje kidogo ya Kibondo. Kina mama wanashuka na watoto mgongoni, hawajui maji yako wapi wala zahanati iko wapi. Nikiwaambia "Amahoro, mama," yaani amani iwe nawe, wengine wananishika mkono hawauachii. Lugha niliyoificha ndiyo wanayoishika.

Sasa vijana, jibu lenu. Kazi za mtandaoni zipo. Si zote, na barua zangu nyingi hadi leo hazijajibiwa. Mkataba wangu wenyewe ni wa miezi sita, wa saba anaujua Mungu tu. Anayekutoza hela mkimbie. Lakini mtandao unaweza kukuita hata kutoka huku kwetu, nimeona kwa macho yangu. Ukituma, jitume wewe, na baba yako, na mama yako, na mahali mlipovuka. Ukimtuma mwingine, huyo mwingine ndiye atakayeitwa, na wewe utaishia kusema merci.

Na wewe uliyechoka kungoja, unayesema Mungu hajibu, mtegemee. Mimi nilinung'unika miaka mitatu, na jibu langu lilikuwa chini ya sanduku, ndani ya kitenge. Namshukuru Mungu. Namshukuru Mzee Hemedi, ambaye hayupo hapa, nitamfikishia shukrani zenu na kuku mmoja.

Mchungaji, dakika zangu zimeisha tangu zamani, nakuona. Naomba kitu kimoja tu, sala ya kufunga asiifanye mwingine.

Mama, simama. Omba kwa sauti, omba kwa Kirundi, omba mpaka utakapotosheka. Mkono wangu huu hapa juu, kanisa zima wanauona. Hautakugusa goti tena.