Swichi ya Hita

Muuguzi aliyetoka zamu aliegemeza kichwa dirishani akitaka kuiba usingizi kidogo, lakini kiti cha mbele yake hakikuwa na huruma. Fundi cherehani mmoja mzee, dumu la maji mapajani, alikuwa akimlilia dereva wa teksi aliyekutana naye humohumo ndani ya basi. "Nimemwaga maji yote ya kutu, nimeosha rejeta mpaka yakatoka meupe, nimejaza mapya. Gari bado linachemka!"

"Wakati wa kujaza ulifungua hita, mzee wangu?"

"Hita? Kwa joto hili?"

Muuguzi naye alishangaa, na usingizi ukampotea.

"Magari ya zamani ndivyo yalivyo. Ukijaza hita ikiwa imefungwa, hewa inanasa ndani na maji hayazunguki."

"Ile swichi haiguswi."

"Imekwama?"

"Haijakwama. Mwenye kusikia baridi alikuwa mama watoto. Siku ile ya mwisho nampeleka hospitali, aliifunga kwa mkono wake, akasema joto limemtosha."

Dereva alikohoa. "Pole, mzee. Lakini injini itakufa."

Basi likasimama. Mzee akainuka kwa shida na dumu lake. "Nitajaza tena," alisema akishuka, "safari hii polepole zaidi."